Otokrosi: Liandae Gari Lako Lisipandishwe Daraja. Mwongozo Kamili kwa Madereva wa Mtwara na Lindi

Dereva anafika kwenye ukaguzi na IST yake safi. Injini ni ile ile iliyokuja nayo, na yeye mwenyewe hajaongeza hata bolti moja. Mkaguzi anainama kwenye tairi la mbele, anamulika kwa tochi, anainuka, kisha anaandika namba ya gari kwenye daraja la magari yaliyofanyiwa marekebisho. Kisa ni kipande cha mpira mweusi kilichopachikwa katikati ya mizunguko ya springi, siku gari liliponyanyuliwa ili lihimili barabara za vumbi za Tandahimba wakati wa msimu wa korosho.

Hilo ndilo kosa linalojirudia. Wengi hawapandishwi daraja kwa sababu wamedanganya. Wanapandishwa kwa sababu hawalijui gari lao lilivyotoka kiwandani. Mwongozo huu unakupitisha kwenye gari zima, kutoka kwenye kadi hadi kwenye nati za rimu, ili mkaguzi asione kitu ambacho wewe hukukiona kwanza.

Kanuni tunazozitumia kama kipimo ni za Solo za SCCA, chama cha michezo ya magari cha Marekani, katika kundi linaloitwa Street, yaani magari ya kawaida ya barabarani. Ni mashindano ya kupita katikati ya koni kwenye lami, gari moja moja, na kila koni unayoiangusha inakuongezea sekunde 2. Otokrosi ya majirani zetu Kenya ni jambo tofauti. Ile hukimbiwa kwenye udongo, na madaraja hugawanywa zaidi kwa tairi mbili au nne za kuvuta, na kwa kuwapo au kutokuwapo kwa tabo. Kanuni za mwandaaji wako zikitofautiana na haya, fuata za mwandaaji.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kanuni za mwandaaji zilizochapishwa kwenye karatasi
- Kadi ya gari
- Tepu ya kupimia, rula ya chuma ya sentimita 30 na ubao mmoja ulionyooka
- Tochi yenye mwanga mkali
- Jeki na stendi mbili za kuegeshea gari
- Soketi ya 21 na torki renchi inayofika angalau Nm 120
- Geji ya upepo na chaki nyeupe
- Brashi ya waya na grisi kidogo
- Kofia ngumu yenye lebo ya Snell (shirika la Marekani linalopima ubora wa kofia), herufi M au SA
- Daftari, kalamu, na simu ya kupigia picha

Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Mchanga wa pwani yetu unadidimia, na jeki iliyosimama juu yake inalala bila kutoa taarifa. Weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi.

## Hatua ya 1: Jua gari lako lilikuwa gari gani

Karibu magari yetu yote yameingia nchini yakiwa yametumika Japani. Kabla hayajakufikia yamepita kwa mwenye gari wa kwanza, pengine wa pili, na gereji mbili tatu za hapa. Yeyote kati yao anaweza kuwa alibadilisha kitu.

Anza na kibati cha kiwandani ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Soma namba ya modeli. Kwa IST ya toleo la kwanza, NCP60 ni gari la lita 1.3 lenye injini ya 2NZ-FE. NCP61 ni la lita 1.5 lenye 1NZ-FE, na NCP65 ni la lita 1.5 linalovuta tairi nne. Linganisha na injini iliyofungwa, kisha linganisha namba ya injini na iliyoandikwa kwenye kadi.

Ukikuta NCP60 lina 1NZ, gari limebadilishiwa injini. Ni marekebisho ya kawaida mno kwa mafundi wetu na gari huenda vizuri, ila halimo tena katika kundi la Street. Kwa SCCA, kubadili injini kwa nyingine ya mtengenezaji yule yule kunakupeleka hadi Street Modified, daraja la magari yaliyobadilishwa sana, ambako utakutana na watu wenye tabo.

Kuna jambo moja la magari ya Japani. Kitabu cha SCCA kinaorodhesha magari yaliyouzwa Marekani, kwa hiyo hutaliona jina "IST" humo. IST ya kwanza iliuzwa kule kama Scion xA, na ilikuwa na injini ya 1.5 tu. Mwenye NCP61 anaweza kuonyesha ulinganisho huo. Mwenye NCP60 amuulize mwandaaji kwa maandishi kabla ya kulipa ada.

Umefaulu ukiwa na: ukurasa mmoja wa daftari wenye modeli, injini, saizi ya tairi ya kiwandani na upepo wake kama vilivyo kwenye kibandiko cha mlango, pamoja na picha ya kila kimoja. Kibandiko cha Kijapani huandika upepo kwa kPa. 220 kPa ni sawa na takriban psi 32.

## Hatua ya 2: Soma kanuni kwa jicho linalofaa

Watu wengi husoma kanuni wakitafuta kilichokatazwa. Wasipokiona, wanadhani kimeruhusiwa. Katika kundi la Street mambo ni kinyume: kisichoruhusiwa kwa maandishi kimekatazwa. Kitabu hakitakuambia "usiweke mpira kwenye springi." Kitakuambia unachoweza kugusa, basi.

Vinavyoruhusiwa ni hivi kwa ufupi: tairi na rimu ndani ya mipaka, shokapu, stabilaiza (chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona) moja tu, ya mbele au ya nyuma, pedi za breki na oili yake, kichujio cha eakilina, plagi, na eksozi kuanzia baada ya masega (kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la eksozi) kwenda nyuma. Spea tairi, jeki na vifaa vyake unaweza kuvitoa. Viti vinabaki, na springi zinabaki za kiwandani.

Chora safu tatu kwenye daftari: kitu, kilivyotoka kiwandani, kilivyo sasa. Hatua zinazofuata zote ni kujaza safu hizo.

## Hatua ya 3: Pima kimo na uwinde spesa

Hapa ndipo magari ya kusini yanapoangukia, kwa sababu ya spesa, yaani vipande vinavyowekwa ili kulinyanyua gari, kwa hiyo usiharakishe.

Egesha gari mahali tambarare, pasiwe na mtu ndani wala mzigo kwenye buti. Lisukume mbele na nyuma mita moja moja ili springi zitulie. Pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, tairi zote nne. Usipime kutoka chini, maana hapo utakuwa unapima tairi na upepo wake, si springi.

Tafuta gari la modeli hiyo hiyo ambalo una hakika halijanyanyuliwa, upime vivyo hivyo. Tofauti ya milimita 10 ni uchovu wa springi au mpira uliokaa. Likizidi mwenzake kwa milimita 20 au 30, kuna kitu kimewekwa.

Sasa tochi. Geuza usukani hadi mwisho, mulika nyuma ya tairi la mbele. Utatafuta vitu viwili.

Cha kwanza ni mpira kati ya mizunguko ya springi. Kwa kawaida una rangi ya kijivu kwa vumbi na hauonekani upesi kwa sababu unafanana na springi yenyewe. Pitisha kidole: springi ni baridi na laini, mpira unang'ang'ania ngozi. Unazuia mizunguko miwili isifanye kazi, gari linanyanyuka, na springi inakuwa ngumu. Kwa mkaguzi hayo ni mabadiliko mawili kwa mpigo.

Cha pili ni spesa ya aluminiamu au mpira mgumu juu ya shokapu, kati ya maunti yake na bodi. Fungua boneti uangalie bolti tatu za juu. Zikiwa zimechomoza nyuzi chache mno juu ya nati, au zimebadilishwa kwa ndefu zisizofanana na za kiwandani, spesa ipo. Nyuma, angalia chini ya kikalio cha springi.

Kuondoa mpira wa kwenye springi: nyanyua gari, weka stendi, tairi lining'inie. Springi ikilegea, mpira mwingi unatoka kwa kupakwa maji ya sabuni na kusukumwa kwa mpini wa mbao. Usitumie bisibisi, kwa sababu mkwaruzo kwenye springi unaanza kutu kwa upepo wetu wa chumvi, na springi yenye kutu hukatikia hapo hapo.

Kuondoa spesa ya juu: unafungua bolti tatu za nje na bolti mbili za chini zinazoshika shokapu kwenye nako (chuma kinachobeba habu ya tairi). *Nati ya katikati usiiguse.* Hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na ikifunguka bila kibanio cha springi inaruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Kazi ikihitaji nati hiyo, mpelekee fundi mwenye kibanio, na usikubali afunge kwa waya au kamba.

Ukirudisha, bolti za bushi za kwenye amu zikazwe mwisho gari likiwa limeshushwa, uzito ukiwa juu ya tairi. Zikikazwa tairi likining'inia, mpira wa bushi unabaki umejisokota, unapasuka baada ya muda mfupi, na kimo unachokipima siku hiyo kinakuwa cha uongo.

Baada ya hapo nenda kapimwe alaimenti. Kimo kikibadilika, mwelekeo wa tairi nao umebadilika. Kurekebisha ndani ya nafasi iliyoachwa na kiwanda ni halali.

Umefaulu ukiona: kushoto na kulia havipishani zaidi ya milimita 10, na gari linakaribiana na lile la kulinganishia.

Ukimaliza mashindano, unaweza kurudisha spesa zako kwa ajili ya msimu wa korosho. Ziweke kwenye mfuko wenye jina, kila moja na upande wake.

## Hatua ya 4: Shokapu na stabilaiza

Shokapu mpya hazina tatizo hata kama si za kampuni ile ile, alimradi kikalio cha springi kiwe pale pale na kimo kisibadilike. Kwa hiyo KYB uliyoagiza Kariakoo ikaja na basi ni halali. Koilova, yaani shokapu yenye nyuzi za kupandisha na kushusha springi, ikija na springi zake si halali Street hata ukiiweka kwenye kimo cha kiwandani, kwa kuwa springi zinabaki za kiwandani. Inakupeleka Street Touring, daraja la juu ya Street.

Stabilaiza ina mtego. Linki zake, yaani vyuma vidogo vinavyoiunganisha na mguu wa tairi, zikianza kugonga kwenye barabara mbovu, gereji nyingi huzing'oa na kumwambia mteja "sasa imenyamaza." Stabilaiza isiyo na linki ni sawa na iliyoondolewa. Kanuni inakuruhusu kubadili, kuongeza au kuondoa moja tu. Ukishapoteza ya mbele kwa namna hiyo, ruhusa yako umekwisha kuitumia, tena umeitumia vibaya, kwa kuwa gari linalala zaidi kwenye kona. Nunua linki mpya, ni kipuri cha bei ndogo.

## Hatua ya 5: Rimu na tairi

Mipaka ya Street ni mitatu. Upana wa rimu uwe ule ule wa kiwandani. Kipenyo kinaweza kupanda au kushuka inchi 1. Ofseti, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi sehemu inayogusa habu, isipishane na ya kiwandani kwa zaidi ya milimita 7.

Chukua mfano wa gari lililotoka na rimu ya inchi 14, upana 5.5J, ofseti 45. Unaruhusiwa inchi 13 hadi 15, upana 5.5J tu, na ofseti 38 hadi 52. Rimu nzuri za mtumba za inchi 15 zenye 6.5J ndizo zinazowaangusha wengi. Kipenyo kinakubalika, upana unakataa.

Ofseti huandikwa nyuma ya rimu kama "ET45" au namba tupu. Ikiwa imefutika, ipime. Laza rimu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wake wa nyuma, pima kutoka ubaoni hadi sehemu inayogusa habu. Kwenye kipimo hicho toa nusu ya upana wote wa nje wa rimu. Kumbuka upana wa nje unazidi ule ulioandikwa kwa karibu inchi 1. Rimu ya 5.5J ina upana wa nje wa karibu milimita 165, nusu yake ni 82.5. Ukipima milimita 128, ofseti ni 45 na nukta kidogo.

Spesa ya rimu inahesabiwa humo humo: ofseti 45 yenye spesa ya milimita 5 ni ofseti 40.

Nati nazo zitazamwe. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi hutumia M12 ya nyuzi 1.5. Nissan, Subaru na Suzuki hutumia M12 ya nyuzi 1.25. Kwa macho zinafanana kabisa, na kwenye kopo la fundi zinalala pamoja. Nati isiyo yake huingia mizunguko miwili kwa mkono, kisha inakaza ghafla. Ukihisi hivyo simama, usiongeze nguvu, maana utakula nyuzi za stadi. Nati nzuri inaingia kwa vidole karibu safari yote. Magari mengi madogo ya Toyota yanakazwa Nm 103, kwa mpangilio wa msalaba, tairi likiwa limegusa chini.

Tairi ziwe na namba ya uchakavu ya 200 au zaidi. Tafuta ubavuni neno TREADWEAR likifuatiwa na namba. Alama hiyo ni ya utaratibu wa Marekani, na tairi zilizotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi hazina. Ukiwa na hizo za mtumba, piga picha ya jina kamili la tairi umtumie mwandaaji mapema.

Kisha tazama umri. Tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyopita miaka 6 imekauka hata kama kashata zake bado nene, na kwenye kona itateleza bila onyo. Ikionyesha nyuzi popote, haipiti ukaguzi.

Umefaulu ukiwa na: picha ya nyuma ya kila rimu, na namba zote ndani ya mipaka.

## Hatua ya 6: Eksozi na boneti

Swali la kwanza ni masega. Magari mengi yametolewa masega, ama kwa imani kwamba yataongeza nguvu, ama kwa sababu kuna anayeyanunua. Gonga boksi la masega kwa ngumi, injini ikiwa baridi. Likilia kama debe tupu, hakuna kitu ndani. Bila masega huingii Street, na hata Street Touring inataka yawepo. Kuyarudisha kunagharimu, na hakuna njia ya mkato ya kweli hapa.

Eksozi ya nyuma ya masega ni hiari yako.

Kichujio cha hewa unaweza kubadili chenyewe tu. Boksi lake na mpira wake vibaki. Kichujio cha wazi cha umbo la koni kilichochomekwa moja kwa moja kwenye bomba ni mabadiliko ya mfumo, na kinapandisha daraja. Kontroli boksi iliyochezewa programu, hivyo hivyo. Muziki mkubwa kwenye buti haukupandishi daraja, lakini spika zifungwe kwa bolti au zitolewe.

## Hatua ya 7: Usalama

Hata gari la daraja sahihi linaweza kurudishwa nyumbani kwa haya.

Betri. Vuta kwa mikono miwili. Isicheze hata kidogo. Utepe wa tyubu ya baiskeli haukubaliki, kwa kuwa joto la injini linaulegeza na kwenye kona kali betri inahama, taminali inagusa boneti, na moto unaanza. Funga kibanio cha chuma cha kiwandani. Unga mweupe au wa kijani kwenye taminali uoshe kwa maji yenye magadi, ukaushe, upake grisi. Pwani hii unga huo hurudi baada ya wiki chache, kwa hiyo fanya siku mbili kabla.

Breki. Kanyaga kwa nguvu sekunde 20, pedali isishuke. Oili ya breki hunyonya unyevu. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, iliyonyonya maji hushuka hadi karibu 155. Kama hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe.

Tairi likiwa juu, lishike juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini ni beringi au boljointi, wa pembeni ni tairodi. Vyote vinakurudisha nyumbani.

Mafuta. Kanyaga na uachie. Pedali irudi yenyewe mara moja. Uvujaji wa petroli, oili au maji haukubaliki.

Ndani ya gari. Toa kila kitu kisichofungwa: kapeti la dereva, chupa, jeki, mabaki ya magunia. Vifuniko vya rimu vitolewe pia. Mikanda ishike na ijifunge ukiivuta kwa ghafla.

Kofia ya bodaboda isiyo na lebo ya kiwango hukataliwa. Lebo ya Snell ipo ndani, chini ya kitambaa, na mwaka wake umeandikwa, kama M2015 au SA2020. Magari yenye kimo kirefu na membamba kama Noah na Hiace hayafai kwenye mchezo huu, yanapinduka.

## Hatua ya 8: Jaza fomu na uende

Rudi kwenye daftari. Kila mstari ambao safu ya pili na ya tatu hazifanani, andika kando kifungu cha kanuni kinachouruhusu. Usipokipata, una njia mbili: urudishe kitu hicho, au ujiandikishe mwenyewe daraja la juu. Kujiandikisha sahihi ni bora kuliko kuondolewa matokeo baada ya mwenzako kukata rufaa.

Safari ya Mtwara hadi Dar es Salaam inapita kilomita 550. Ukiendesha gari lile lile la kushindania, kaza nati upya ukifika, na usitegemee ulizozikaza nyumbani.

Upepo hauna mipaka ya daraja, kwa hiyo utumie. Kwa gari dogo linalovuta mbele, anza na psi 38 mbele na 34 nyuma, usivuke kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Paka chaki mstari mnene kutoka pembeni mwa kashata kushuka ubavuni, sehemu tatu za kila tairi la mbele. Maliza mzunguko mmoja, kisha utazame. Chaki ikifutika hadi kwenye kialama kidogo cha pembetatu kilicho begani mwa tairi, upepo umekaa sawa. Ikifutika kupita hapo, tairi linalala, ongeza psi 2. Ikibaki juu ya kashata, punguza psi 2. Pima kila baada ya mzunguko, maana lami ya jua la saa saba inaongeza takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, na utashangaa gari lililokuwa linashika asubuhi limeanza kuteleza.

Baada ya mzunguko wa kwanza, kabla ya kunywa hata maji, toa torki renchi upitie nati zote tena.